Unene wa kupindukia: Kisu si njia ya mkato

Ukilitaja jina la Tana River mbele ya watu wa mjini, wengi hukumbuka mambo mawili tu: ukame na mafuriko. Huwaza magunia ya chakula cha msaada, si watu wanene. Lakini ukishuka basi la Mombasa pale Garsen na kuzunguka sokoni, utaona jambo jingine. Wapo akina mama wenye maduka, madereva, walimu na watumishi wa serikali wanaokaa kitini kutwa, na ambao magoti, presha na sukari vimeanza kuwasumbua. Njaa na unene vyaweza kukaa katika kaunti moja, na hata chini ya paa moja.

Si Garsen peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wanawake 33 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Utafiti kama huo wa mwaka 2022, ulioangalia wenye umri wa miaka 20 hadi 49, uliwapata wanawake 45 kati ya kila 100, na wanaume 19. Umri uliopimwa haulingani sawasawa, lakini mwelekeo wenyewe uko wazi.

Ndiyo maana siku hizi vijana wanaofanya kazi Nairobi na Mombasa huuliza: "Je, nikichanga pesa na ndugu zangu, mama afanyiwe upasuaji wa kupunguza tumbo, atapona?" Swali hilo ni zuri. Jibu lake ni refu kidogo, na ndilo somo letu la juma hili.

JIPIME KWANZA

Usihukumu unene kwa macho. Pwani na bara, wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba mwili mkubwa ni dalili ya kutunzwa vyema, na wembamba ni dalili ya shida. Mizani haijui mambo hayo.

Chukua uzito wako kwa kilo, kisha ugawe kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa urefu huohuo. Tuchukue mfano wa mama wa Garsen mwenye kilo 98 na urefu wa mita 1.60. Ukizidisha 1.60 kwa 1.60 utapata 2.56. Ukigawa 98 kwa 2.56 utapata takriban 38. Hicho ndicho kipimo ambacho madaktari hukiita BMI.

Kipimo cha 18.5 hadi chini ya 25 ni cha kawaida. Kuanzia 25 uzito umezidi. Kuanzia 30 ni unene wa kupindukia, ambao Shirika la Afya Duniani linauhesabu kuwa ugonjwa. Kwa hiyo mama yetu mwenye 38 si "mama wa kupendeza" tu. Ni mgonjwa anayehitaji kusaidiwa, si kuchekwa wala kulaumiwa. Urithi, homoni, msongo wa mawazo, kukosa usingizi na baadhi ya dawa huchangia unene pamoja na chakula.

Pima pia kiuno kwa utepe wa fundi cherehani. Mwanamke aliyepita sentimita 88 na mwanamume aliyepita sentimita 102 wamo katika hatari kubwa zaidi ya kisukari na maradhi ya moyo.

NGAZI YA KWANZA: SUFURIA NA MIGUU

Matibabu ya unene ni kama ngazi. Huwezi kurukia kidato cha tatu bila kukanyaga cha kwanza, na hata ukifika juu, kile cha chini bado unakihitaji.

Anza na kikombe. Mtu anayekunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja kwa vijiko vitatu vya sukari, amekula vijiko 12 kabla hajagusa chakula. Akiongeza chupa moja ya soda ya mililita 300, ameongeza zaidi ya gramu 30 za sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isipite takriban gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikipungua hadi 25 ni bora zaidi. Mwenye kutafuna miraa huku akishushia soda ajihesabie mwenyewe.

Kisha tazama sahani. Watu wa Mto Tana hawahitaji vyakula vya ndege kutoka ng'ambo. Samaki wa mto wa kuchemshwa au wa kupaka, kunde, mchicha na maziwa yasiyotiwa sukari ni vyakula vyema. Tatizo liko kwa mlima wa wali wa nazi, mahamri ya asubuhi, viazi karai vya jioni, na mafuta yanayomiminwa bila kipimo. Nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe wali au ugali, robo iwe samaki, nyama au kunde. Embe lile kama tunda. Ukilikamua na kulitia sukari umeharibu kazi.

Miguu nayo ifanye kazi. Dakika 30 za kutembea kwa haraka, siku tano kwa juma, zinatosha kuanzia. Kwa joto la Garsen, tembea alfajiri au baada ya alasiri, na ushike barabara. Kandokando ya mto giza likiingia ni kwa viboko na mamba.

Usidharau hatua hizi. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba watu waliokaribia kupata kisukari, walipolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa juma, walipunguza hatari ya kupata ugonjwa huo kwa asilimia 58. Kwa mama yetu wa kilo 98, asilimia 7 ni kilo saba hivi.

NGAZI YA PILI: DAWA

Zipo sasa dawa za sindano, kama vile semaglutide na tirzepatide, ambazo hudungwa mara moja kwa juma. Huiga homoni za utumbo zinazouambia ubongo kwamba tumbo limeshiba. Katika majaribio, waliotumia semaglutide kwa miezi 16 hivi walipungua kwa wastani wa asilimia 15 ya uzito wao. Kichefuchefu, kutapika na kufunga choo ni madhara ya kawaida. Mjamzito hapaswi kuzitumia. Na ukiziacha, uzito mwingi hurudi.

Kwa mkaazi wa Garsen kuna jambo jingine la kuzingatia. Kabla ya kuanza kutumika, sindano hizi huhitaji kuhifadhiwa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Uliza zimesafirishwa vipi, na umeme ukipotea zitawekwa wapi. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya semaglutide bandia iliyopatikana katika nchi kadhaa. Usinunue dawa hizi kwa simu wala kwa mchuuzi. Nenda kwa famasia iliyosajiliwa, ukiwa na cheti cha daktari.

Vivyo hivyo "chai za kukata tumbo". Baadhi ya vitu vinavyouzwa kwa jina la mitishamba vimepatikana vikiwa vimechanganywa na sibutramine, dawa iliyoondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo.

NGAZI YA TATU: UPASUAJI

Upasuaji wa kutibu unene si jambo la jana. Daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alifanya upasuaji wa kwanza wa aina ya baipasi mwaka 1966. Leo aina mbili ndizo zinazotumika zaidi, na kwa kawaida hufanywa kupitia matundu madogo tumboni huku mgonjwa akiwa katika nusukaputi.

Ya kwanza huitwa slivu. Daktari hukata na kuondoa takriban robo tatu ya mfuko wa tumbo au zaidi, na kubakisha bomba jembamba. Mgonjwa hushiba kwa chakula kidogo, na homoni moja inayoleta njaa hupungua. Kilichoondolewa hakirudishwi.

Ya pili ni baipasi. Daktari hutenga kijifuko kidogo sana juu ya tumbo, kisha hukiunganisha na utumbo mwembamba mbele zaidi, ili chakula kipite njia nyingine. Mwaka mmoja au miwili baadaye, mgonjwa wa slivu huwa amepoteza karibu robo ya uzito wake, na wa baipasi zaidi kidogo. Wengi wenye kisukari hupunguza dawa, na baadhi huziacha kwa miaka, ingawa sukari yaweza kurudi.

Usichanganye upasuaji huu na ule wa kunyonya mafuta chini ya ngozi. Huo ni wa urembo. Hautibu kisukari wala presha.

Nani anafaa? Kwa miaka mingi madaktari walifuata mwongozo wa Marekani wa mwaka 1991: BMI ya 40 na zaidi, au 35 kwa mwenye maradhi yanayotokana na unene. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji wa fani hii vililegeza kipimo hadi 35 hata bila maradhi, na 30 kwa mwenye kisukari. Mama yetu wa 38 anaweza kufikiriwa. Lakini kufikiriwa si kulazwa kesho.

BAADA YA KISU

Hapa ndipo familia nyingi hukosea hesabu. Huchanga fedha za upasuaji, husahau za miaka ijayo.

Katika hospitali zenye ujuzi, vifo ni vichache, takriban mgonjwa mmoja kwa kila 1,000. Hata hivyo mshono waweza kuvuja, damu yaweza kutoka au kuganda miguuni na mapafuni. Homa, moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo au kukosa pumzi katika majuma ya kwanza ni dharura. Garsen iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Mombasa, na Nairobi ni safari ya siku nzima. Kwa hiyo mgonjwa asipande basi kurudi nyumbani upesi. Abaki mjini kwa jamaa, karibu na daktari wake, hadi aruhusiwe.

Kisha kuna vitamini na madini: chuma, kalsiamu, vitamini D na B12, ambavyo hutumiwa maisha yote, pamoja na kupimwa damu kila mwaka. Ukitapika siku kadhaa mfululizo usingoje "itapita". Mwili waweza kuishiwa na vitamini B1 kwa majuma machache, na ubongo na neva zikaharibika kabisa.

Sasa kumbuka mvua za El Nino za mwishoni mwa mwaka 2023, zilizokata barabara za Tana River na kuwahamisha maelfu ya watu. Mgonjwa wa aina hii anahitaji akiba ya dawa za miezi mitatu kabla ya msimu wa mvua, na barua ya daktari inayoeleza alivyopasuliwa, ili tabibu wa Ngao, Hola au Malindi ajue anachokitibu.

Mwanamke asishike mimba kwa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu baada ya upasuaji. Anayetaka kufunga Ramadhani aulize daktari mapema, hasa kama ana kisukari. Na familia ijiandae kwa maneno ya mtaani: mtu akikonda ghafla, wapo watakaonong'ona kwamba ana maradhi mengine. Mgonjwa asiyetegemezwa na watu wake hukata tamaa akaacha kliniki.

MASWALI YA KUULIZA

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, muulize daktari:

1. Je, umesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, na umefanya upasuaji huu mara ngapi?
2. Je, kuna mtaalamu wa lishe na mshauri wa kisaikolojia watakaomfuata mgonjwa?
3. Ada hii inajumuisha nini, na likitokea tatizo nani atalipa? Bima yangu italipia kiasi gani?
4. Ni nani aliye karibu na Garsen atakayempima baadaye?

Asiyeweza kujibu maswali haya, mpungie mkono wa kwaheri.

Kwa muhtasari, msomaji, kisu kimewaokoa wengi na si cha kuogopwa bila sababu. Lakini kama umo mbioni kumchangia mama upasuaji, mnunulie kwanza mizani na utepe, umpigie simu mhudumu wa kliniki iliyo karibu naye, na upunguze vijiko vya sukari katika kikombe chako mwenyewe utakapokwenda kumjulia hali. Atakuiga wewe kabla hajamwamini daktari.

Tukijaliwa tutakutana juma lijalo. Afya njema.