Mabati yanatuoka, feni itatosha?

SWALI: Fundi, nyumba yangu ni ya mabati, haina dari. Mwezi wa tisa hatulali kwa joto. Ninunue feni?
Mama Mwende, Kibwezi

JIBU: Mama Mwende, feni husukuma hewa tu, haiipoozi. Chanzo cha joto ni bati lenyewe. Tuko karibu na ikweta, na kufikia mwisho wa Septemba jua la saa sita hupita karibu utosini, likipiga paa zaidi ya kuta. Pesa ya feni ianze kununua dari, hata ya plaiwudi. Lakini usizibe pembeni! Acha nafasi chini ya ukingo wa paa, uweke wavu wa kuzuia popo, ili hewa ya moto itoke.

Bati jeupe hurudisha sehemu kubwa ya miali ya jua. Kama mnakunywa maji ya paa, chagua rangi isiyo na madini ya risasi, ipakwe na ikauke kabla ya mvua za Oktoba, ambazo Kitui na Makueni tunazitegemea kuliko za Machi. Fundi akiwa juu, asafishe mifereji pia. Mvua ya kwanza imwagwe, isiingie tangini.

Upande wa magharibi panda mwarobaini, mbali kidogo na msingi.

Na kwa jamaa wa Kilungu na Mbooni wanaotetemeka Julai: jiko la makaa lisilale chumbani. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu usingizini.