Mchuzi Si Nyama: Namna ya Kumfikishia Mtoto Protini ya Mnyama

Tazama chakula kinavyogawiwa katika nyumba nyingi siku ya nyama. Baba anawekewa finyango zilizonona, mgeni akiwepo naye hakosi, wakubwa wanagawana zilizobaki, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu anamwagiwa mchuzi juu ya ugali wake. Mama anaridhika kwamba naye kala nyama. Hajala. Sehemu kubwa ya protini, madini ya chuma na zinki imebaki ndani ya ile finyango. Mchuzi ni maji, chumvi, mafuta na ladha. Supu ya mifupa nayo, hata ikichemshwa usiku kucha, haiwezi kuchukua nafasi ya nyama.

Jambo hili lina uzito kwa sababu chakula chetu kikuu ni mahindi. Mahindi yana protini, lakini ni haba katika laisini na triptofani, asidi amino mbili ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Maharage huziba pengo la laisini, na ndiyo maana ugali kwa maharage ni chakula cha heshima, asikudanganye mtu. Ila vitamini B12, inayohitajika kutengeneza damu na kujenga mishipa ya fahamu, haipatikani kwenye mahindi, maharage wala mchicha. Madini ya chuma ya kwenye nyama na samaki nayo huingia mwilini kwa urahisi kuliko ya kwenye mboga. Mtoto mdogo ana tumbo dogo: hawezi kula lundo la maharage ili apate kile ambacho vijiko viwili vya nyama vingempa. Nchini Tanzania, takwimu za mwaka 2022 zilionyesha kwamba karibu watoto 3 kati ya 10 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Sababu za kudumaa ni nyingi, maradhi na maji machafu yakiwemo, lakini sahani ya mtoto ni mojawapo, na hiyo iko mikononi mwetu.

Majirani zetu wa Embu, Kenya, wametuachia somo zuri. Kuanzia mwaka 1998, wanafunzi wa shule 12 za msingi walishiriki katika utafiti uliohusu githeri, yaani makande. Shule nyingine githeri ilitiwa nyama, nyingine ilikwenda na maziwa, nyingine iliongezwa mafuta tu, na nyingine hazikupewa chakula. Nishati ya githeri zote tatu ilisawazishwa. Waliokula yenye nyama ndio waliopiga hatua kubwa zaidi katika majaribio ya kufikiri, na uwanjani wakawa wachangamfu kuliko wenzao. Upungufu wa B12 ulipungua kwa waliopewa nyama na kwa waliopewa maziwa.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto wa miezi 6 hadi 23 wapate nyama, samaki au mayai kila siku. Najua neno "kila siku" linamtisha mwenye kipato kidogo. Lakini mtoto hahitaji kilo. Anahitaji kidogo kisichokatika, na hapo ndipo dagaa wanapotuokoa, maana gramu 100 za dagaa wakavu zina zaidi ya gramu 50 za protini.

Sokoni, chukua konzi ya dagaa uwatazame kwenye mwanga kisha uwanuse. Wazuri wanang'aa kama fedha na ukiwakunja wanavunjika. Wakiwa wamegeuka manjano, mafuta yao yamechacha. Wakipindika bila kuvunjika, unyevu umewaingia. Uliza walianikwa wapi, kwa sababu waliokaushwa juu ya chanja hawabebi mchanga kama walioanikwa chini. Nyumbani toa vichwa, osha kwa maji ya vuguvugu, rudia mpaka chini ya beseni pasibaki mchanga. Wakaange bila mafuta kwa moto mdogo hadi wakauke kabisa, watwange, kisha chekecha. Miiba isagike humo humo, maana ndiyo yenye kalsiamu.

Unga huo uhifadhi peke yake, katika chupa kavu yenye kifuniko, na utengeneze wa wiki moja tu. Sipendi desturi ya kusaga dagaa pamoja na mahindi, karanga, soya na kila kilichopo ili kupata "unga wa lishe": mafuta ya dagaa na karanga yakichacha, debe zima limeharibika. Kwa mtoto aliyeanza kula, tia kijiko cha chai katika uji ukiwa bado jikoni, uchemke nao dakika chache. Akizoea, panda hadi kijiko cha chakula. Chumvi usiongeze.

Yai moja lina takribani gramu 6 za protini, karibu nusu ya mahitaji ya siku ya mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu. Lichemshe liive kabisa, uliponde ndani ya viazi au ndizi. Wajawazito wanaoambiwa kwamba yai huzalisha mtoto asiye na nywele wale bila hofu. Maini, mara moja kwa wiki yanamtosha mtoto. Mjamzito asiyazoee, kwani vitamini A ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Maziwa ya ng'ombe lazima yachemshwe, na kabla ya mwaka mmoja yatumike kupikia uji tu, yasichukue nafasi ya ziwa la mama.

Nyama ikipatikana, katakata finyango moja vipande vidogo kabisa, iponde, uichanganye na maharage ya mtoto. Kipande hicho kidogo husaidia hata chuma cha maharage kuingia mwilini. Chai ya rangi ikae mbali na mlo, kwa sababu inazuia chuma.

Lakini mtoto aliyevimba miguu, aliyekonda ghafla, au ambaye nywele zimebadilika rangi na kunyonyoka, usijaribu kumtibu kwa dagaa nyumbani. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.