Barua ya koperative: tuandike pamoja na watoto wetu wa humanite

Somo kwa wanachama wa koperative za Aveba na vijiji vya jirani



Munajua kupanda maharagi, kuyakausha na kuyachagua. Lakini maharagi mazuri yakifika Bunia bila maneno wazi, ni mnunuzi ndiye anasema uzito, anasema bei, tena anasema siku ya kulipa. Somo hili ni juu ya maneno hayo: barua, ujumbe wa simu na karatasi ya kupokea. Tunawaomba muyatayarishe pamoja na wanafunzi wa humanite wa shule za karibu yenu.

1. Sababu gani wanafunzi?

Wanafunzi wa komersiale wanajifunza hesabu za biashara na namna ya kuandika barua za biashara. Masomo hayo wanayapata kwa Kifaransa, na mifano mingi inatoka kwa kampuni za mbali. Mtoto anaweza kupata pointi nzuri, na hajaandika hata barua moja yenye itatumwa kwa mtu. Upande mwingine, koperative iko na barua za kweli za kuandika, lakini wanachama wengi hawakuzoea Kifaransa.

Tangu mwaka 2019 serikali ilisema shule ya msingi ya serikali ni bure. Humanite bado inalipiwa. Ni maharagi na mihogo yenu ndiyo inalipa somo hilo la barua. Basi ni haki somo lirudie kusaidia maharagi.

Kama shule ya karibu haina komersiale, wanafunzi wa pedagojia ao wa kilimo wanaweza pia. Inaomba tu mtoto anayeandika wazi na anayekubali kuuliza wakubwa.

2. Vitu sita vya kusema katika barua ya kuuza

Kwanza, kitu gani: maharagi ya aina gani, ya msimu gani, yamekauka na kuchaguliwa ao hapana. Pili, kilo ngapi. Musiseme «magunia» peke yake, maana gunia la huyu si gunia la yule. Tatu, ni mizani ya nani na inapimiwa wapi. Nne, bei ya kilo moja, na kama ni dolari ao franka. Tano, nani analipa gari na malipo ya njiani. Sita, pesa inatolewa siku gani na kwa njia gani: mkononi, M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money.

Wengi wanasahau cha tatu. Tuhesabu pamoja. Tuseme muko na magunia 40, na kila moja ni kilo 100: ni kilo 4.000. Mnunuzi anapima na mizani yake, anasema kila gunia ni kilo 97. Hapo kilo 120 zimepotea. Kama kilo ni dolari 1, ni dolari 120 zimetoka mikononi mwenu, na hakuna mtu aliyeiba kwa macho ya watu. Kama barua ilisema «tunapima pamoja Aveba, mbele ya kupakia», mabishano yanaishia Aveba, magunia yakingali mikononi mwenu.

3. Mfano mfupi

«Bwana mnunuzi,
Koperative yetu iko na kilo 4.000 za maharagi meupe, yamekauka na kuchaguliwa. Tunapima pamoja na mtu wako hapa Aveba, mbele ya kupakia. Bei ni dolari 1 kwa kilo. Gari na malipo ya njiani ni juu yako. Unalipa nusu siku ya kupakia, nusu siku ya kufika Bunia. Bei hii inasimama mpaka tarehe 15 ya mwezi huu. Tunangoja jibu lako.
Msimamizi na mwandishi wa koperative.»

Bei hiyo ni ya mfano tu. Ninyi mutaweka ya soko lenu. Mwanafunzi anaandika kwanza kwa Kiswahili namna hii, kisha anatia katika Kifaransa ikiwa mnunuzi anataka Kifaransa. Asianze na Kifaransa. Akianza nacho, atajaza salamu ndefu za kitabu, na kilo zitapotea katikati.

4. Barua haipigwi muhuri mbele ya kusomwa

Hii ndiyo kanuni kubwa ya somo. Nchi yetu iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyotiwa sahihi Lomé tarehe 15 Desemba 2010, inatuhusu sisi pia. Koperative ndogo, yenye tunaita SCOOPS, inaomba watu 5 angalau. Ile kubwa, COOP-CA, watu 15 angalau. Koperative iliyoandikishwa inahesabiwa kama mtu mmoja mbele ya sheria. Barua yenye sahihi ya viongozi wake inaweza kuwafunga ninyi wote, hata yule mama ambaye hakuisikia.

Basi mwanafunzi asome barua kwa sauti, kwa Kiswahili ao kwa Kingiti, mbele ya wanachama. Kisha muchague mwanachama mmoja ambaye hajui kusoma, arudilie: kilo ngapi, bei gani, nani analipa gari, pesa inakuja lini. Akirudilia sawasawa, barua ni nzuri. Akikosea hesabu moja, kosa si lake, ni la barua. Irudi kwa mwandishi.

Kanuni hiyo inalinda pande mbili. Inalinda wanachama, wasifungwe na maneno wasiyoyajua. Inalinda pia mtoto, asije akasemwa kesho kwamba yeye ndiye alibadilisha bei. Maneno ni ya koperative, mtoto anashika kalamu tu.

5. Barua ya kulalamika

Pesa ikikawia, hasira inakuja haraka, na katika eneo letu tunajua hasira inafika wapi. Barua ya kulalamika iwe na mambo manne: tulikubaliana nini na tarehe gani, kitu gani kilitokea, karatasi gani inaonyesha hivyo, tunaomba nini na mpaka siku gani. Matusi hapana, wala vitisho. Kabila la mnunuzi halina kazi katika barua. Mutunze kopi katika farde, pamoja na karatasi ya kupima yenye sahihi za pande mbili. Kama mambo yanafika kwa mkubwa wa kijiji ao kwa hakimu, farde hiyo ndiyo itasema.

6. Namna ya kuanza na shule

Viongozi waende kuona prefe na mwalimu wa somo hilo, wakiwa na barua ya kuomba. Muombe wanafunzi wawili wa mwaka wa 3 ao wa 4 wa humanite, msichana na kijana, kwa mikutano minne, saa zisizoharibu masomo. Mkutano wa kwanza, wasikilize na kuuliza tu. Wa pili, waandike, na mwalimu asahihishe. Wa tatu, wasome mbele ya wanachama. Wa nne, wacheze simu: mwanachama mmoja anakuwa mnunuzi mkali, mwanafunzi anajibu kwa adabu bila kushusha bei.

Mukubaliane mapema juu ya mambo matatu: wanafunzi hawashiki pesa, hawatoi bei za koperative inje, na sahihi inabaki ya msimamizi na mwandishi. Daftari, kalamu na chakula cha siku hiyo vinafaa kuwa juu ya koperative.

Zoezi la kikundi

Muchukue uuzaji wenu wa mwisho. Kati ya vitu sita vya juu, vingapi viliandikwa? Ni kipi kilileta mabishano? Muandike barua ile upya, na asiyejua kusoma airudilie.