SOMO: MWALIMU ALIYE MPATANISHI

Mafungu ya kusoma: Hesabu 5:5-7, Mathayo 18:15-17, Luka 19:1-10

Somo hili ni la walimu wa shule, walimu wa shule ya Jumapili na wazazi wote.

Katika darasa moja hapa uhamishoni wanakaa watoto wa makabila na nchi mbalimbali. Wengine waliona nyumba zao zikichomwa. Watoto wawili wakipigana asubuhi, jioni mama zao wanaweza kutukanana kwenye bomba la maji, na kesho yake ugomvi ukawa wa makabila mawili. Kwa hiyo namna mwalimu anavyoamua kosa si jambo dogo.

1. Maandiko yanatufundisha nini?

Katika Hesabu, aliyekosa anatakiwa kuungama, kurudisha kitu chote, na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo naye hakuishia kusema "nisameheni". Aliahidi kurudisha mara nne. Katika Mathayo 18, Bwana anaanza na watu wawili peke yao, kisha mashahidi, ndipo kanisa. Tunaona mambo matatu: kusema kweli, kutengeneza kilichoharibika, na kumpata tena ndugu.

Tuchukue mfano. Mtoto amechana daftari la mwenzake. Akipigwa viboko vitano, daftari bado limechanika, na aliyeumizwa hajaulizwa neno. Lakini akikaa na mwenzake, akasikia uchungu wake, akamsaidia kunakili masomo upya, hapo kuna kitu kimetengenezwa.

2. Njia hii imetoka wapi?

Wazee wetu waliijua. Warundi wanawafahamu Bashingantahe, wanaosikiliza pande zote mbili kabla ya kutoa neno. Huko Elmira, Canada, mwaka 1974, vijana wawili waliharibu mali za watu 22 usiku mmoja. Mark Yantzi, Mkristo wa kanisa la Mennonite aliyefanya kazi ya kuwasimamia vijana waliohukumiwa, aliomba hakimu awaruhusu kwenda kwa wale waliowakosea. Walikwenda nyumba kwa nyumba, wakasikiliza, wakalipa. Mwaka 1994 huko Queensland, Australia, mshauri wa wanafunzi Margaret Thorsborne aliingiza vikao vya namna hiyo shuleni.

3. Kwa nini walimu wafundishwe?

Hapa Uganda sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 inakataza viboko shuleni. Lakini mwalimu aliyeondolewa fimbo bila kuonyeshwa njia nyingine atairudia kwa siri, au atamfukuza mtoto. Na mtoto mkimbizi akifukuzwa shule, mara nyingi hana shule nyingine ya kwenda. Mafunzo yawe na mambo haya:

a) Maswali manne. Nini kimetokea? Uliwaza nini wakati ule? Nani ameumia, na kwa namna gani? Nini kifanyike ili mambo yatengenezwe? Mwalimu asiulize kwa sauti ya kushitaki.

b) Mazoezi. Walimu wakae wanne wanne: mmoja awe mkosaji, mmoja mkosewa, mmoja mwalimu, na wa nne aangalie kisha aseme alichoona. Ujuzi huu hauji kwa kusikiliza hotuba tu.

c) Duara la kila juma. Watoto wakae katika duara, kila mmoja aseme kwa zamu bila kukatizwa. Wakizoea kusikilizana wakati wa amani, wataweza siku ya ugomvi. Darasa likiwa kubwa, ligawanywe vikundi.

d) Kufuatilia. Mapatano yaandikwe, na mwalimu aweke siku ya kuangalia kama yametimizwa.

4. Mipaka

Mtoto aliyekosewa asilazimishwe kukutana na mkosaji wala kutamka msamaha. Akikataa, aheshimiwe. Na mambo kama kunajisi mtoto au kumjeruhi vibaya hayamalizwi katika duara, wala kwa wazazi kupeana mbuzi. Hayo yapelekwe polisi na kwa wanaohusika na ulinzi wa watoto. Kuyaficha kwa jina la upatanisho ni kumwongezea mtoto dhambi ya pili juu ya ile ya kwanza.

Wengine watasema, "Huku ni kudekeza watoto." Hapana. Kupokea viboko na kukimbia ni rahisi. Kumtazama uliyemwumiza, kukiri, na kufanya kazi ya kurudisha, hilo ni gumu zaidi, nalo humfundisha mtoto.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Zakayo angepigwa tu, maskini wa Yeriko wangepata nini?
2. Nyumbani kwetu, mtoto akikosa, nani huulizwa kwanza: mkosaji au mkosewa?
3. Shule yetu inaweza kuanza na jambo gani juma hili?

Tuwaombee walimu wetu, ambao wengi wao nao wamebeba majeraha ya vita. Bwana awape masikio ya kusikia na mioyo ya subira. Amina.