Raba za Shingo Ndefu: Pendeza Bila Kuumia

Kabla hujatoa pesa, jiulize: utatembea wapi? Kama unashukia kituo cha Kawangware 46 na nyumbani ni hapo karibu, vaa unachotaka. Kama kila asubuhi unapiga mguu hadi Lavington au Kilimani, chagua kwa makini.

Converse All Star ilianza 1917 kule Marekani, ikawa kiatu cha basketboli. Inakubali jinzi, sketi, hata suti. Lakini soli yake ni bapa na nyembamba, tena haina cha kushikilia pale unyayo unapobonyea. Ukikanyaga kokoto, utazihesabu.

Unataka sura ileile na starehe zaidi? Tafuta Chuck 70 ya Converse, iliyotoka 2013. Soli yake ya ndani ni nene kuliko ya kawaida. Kwenye rundo la mtumba, geuza kisigino: kibandiko cha nyuma mara nyingi ni cheusi, na mpira wa pembeni una rangi ya krimu inayong'aa.

Air Jordan 1 ya 1985 ni ya ngozi na shingo yake ina sponji. Ni nzito na inaleta joto, lakini matope unapangusa tu kwa kitambaa. Msimu wa mvua, mimi ningeichukua hiyo. Kitambaa cha Converse kikilowa Naivasha Road, utashinda na soksi mbichi.

Nenda kununua jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo. Beba soksi utakazovaa. Vaa viatu vyote viwili na usome namba ya kila kimoja, maana mtumba unaweza kukupa cha kushoto namba 8 na cha kulia namba 9. Converse huwa kubwa kwa nusu namba hivi. Mguu wako ukiwa mpana, usishuke namba. Kitambaa kitalegea, ila ule mpira wa mbele haulegei.

Pinda kiatu hapo mbele. Ukiona nyufa, au mpira umeachana na kitambaa, shusha bei au uache. Fundi anaweza kushona soli kuzunguka yote, na itadumu kuliko gundi peke yake. Ila kumbuka, kwenye matundu ya sindano maji hupenya, na uzi wa ndani hukwaruza unyayo. Funika uzi huo kwa soli ya ndani.

Hiyo soli ya ndani ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote. Chukua iliyoinuka katikati, na uijaribu ndani ya kiatu kabla ya kulipa. Ikiwa nene mno, kisigino kitatoka. Hapo ndipo ile nusu namba iliyozidi inakufaa.

Kamba nazo zina kazi. Ukitembea mbali, acha tundu la juu kabisa bila kamba ili kifundo kipumue. Kisigino kikipanda na kushuka, funga hadi juu kabla malengelenge hayajaanza.

Raba mpya zivae kwanza nyumbani jioni, au ukienda dukani, si siku ya kwanza ya kazi.

Na kama kazi yako ni ya kusimama kutwa nzima, nakwambia wazi: nunua viatu vya kukimbilia. Converse zikae za Jumapili.