Elimu ya Misitu: Ukoo Mkongwe wa Saiprasi

Mkazi wa Mosocho anayepanda ua wa saiprasi kuzunguka boma lake anapanda mti wa ukoo mkongwe. Saiprasi, paini, mtarakwa na podo ni mikonifa, yaani miti isiyotoa maua, ambayo mbegu zake hazifunikwi na tunda la kweli. Mingi huzaa mbegu ndani ya koni.

Visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyohifadhiwa katika miamba, vinaonyesha kwamba mikonifa ilikuwapo zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Chavua yake hubebwa na upepo, na majani yake membamba hayapotezi maji haraka. Hivyo iliweza kuenea hata penye ukavu.

Mbona hatuvipati visukuku hivyo hapa? Miamba ya Manga na mawe ya sabuni ya Tabaka yana umri wa zaidi ya miaka milioni 500. Yalipoumbika, hapakuwa na mti hata mmoja duniani. Lakini huko Tendaguru, Lindi, nchini Tanzania, ambako mifupa ya dinosau ilifukuliwa kati ya 1909 na 1913, kuna miamba ya miaka kama milioni 150. Ndani yake kumepatikana mbao zilizogeuka mawe pamoja na chavua za mikonifa.

Kwa muda huo wote mikonifa iligawanyika katika koo. Podo ni wa ukoo ulioenea zaidi katika mabara ya kusini. Saiprasi tunayopanda, iliyoletwa kutoka Meksiko, ni wa ukoo mmoja na mtarakwa wetu wa asili.

Undugu huu una maana shambani. Mwaka wa 1990, vidukari vya saiprasi, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, viliingia Kenya na kukausha ua na misitu. Vilishambulia mtarakwa pia, kwa sababu ni ndugu. Podo, wa ukoo wa mbali, si chakula chao.

Kwa hivyo, mwananchi, usipande ukoo mmoja peke yake. Changanya miti, ukiwemo podo. Ukiona matawi ya saiprasi yakigeuka rangi ya kahawia, mjulishe afisa wa kilimo au misitu mapema.

Maswali kwa wanafunzi:
1. Kwa nini miamba ya Manga haina visukuku vya miti?
2. Kwa nini vidukari vya saiprasi hushambulia mtarakwa lakini si podo?