Jina Limebaki, Barafu Imeisha

Maandiko ya kusoma: Ufunuo 3:1–6; Mambo ya Walawi 6:12–13

Somo hili nililifundisha katika ibada ya Jumatano, na mchungaji akaniomba niliandike kwa ajili ya wale ambao hawakuwepo. Naliandika kama ushuhuda, kwa maana lilianza na mimi.

Mwezi wa Agosti, shule zilipofungwa, ndugu yangu mdogo anayefanya kazi Qatar alitutumia zawadi ambayo mshahara wangu haungeweza: safari ya helikopta kuuzunguka Mlima Kenya, ya kusherehekea miaka 70 ya mama yetu. Mama alilelewa upande wa Naro Moru. Utotoni aliuona mlima huo kila asubuhi mawingu yalipokuwa bado hayajaufunika, lakini hakuwahi kuukaribia. Basi tukasafiri hadi Nanyuki: Mama, mke wangu, kijana wetu wa kidato cha tatu, binti yetu wa miaka minane, na mimi.

Usiku wa kuamkia safari tulikuwa sote chumbani kwa Mama. Akasema, "Baba watoto, tuombee tulale." Nikasimama, nikaomba vile mnavyonijua, kwa sauti ya madhabahuni. Nilipomaliza, binti yetu akamgeukia nyanya yake akamwambia, "Shosho, leo baba ameomba na sisi. Yeye huomba kanisani."

Mke wangu akainama akaanza kupanga nguo zilizokuwa tayari zimepangwa. Mama aliniangalia tu. Nami nikacheka, nikasema watoto wa siku hizi wana maneno. Lakini sikulala vizuri.

Asubuhi na mapema tulikuwa kwenye uwanja wa ndege. Kila mtu alipimwa uzito, hata binti yetu. Rubani alitueleza kwamba kule juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo pangaboi haipati hewa ya kutosha ya kushika, na kila kilo ina hesabu yake. Tukavalishwa hedifoni zenye maiki ili tuweze kusikizana. Mama alinishika mkono tulipoinuka, na hakuuachilia mpaka tulipovuka msitu na mianzi.

Jamani, Mungu wetu ni mkuu. Tuliona mabonde, tukaona maziwa madogo meusi yaliyotulia kati ya miamba, halafu vilele vikatokea mbele yetu: Batian, mita 5,199, na Nelion kando yake, na Lenana, mita 4,985. Mke wangu alikuwa analia kimya kimya. Mama akasema, "Mbona ni nyeusi?"

Hatukumwelewa. Akasema tena, "Nilipokuwa msichana hapa palikuwa peupe. Ile nyeupe imeenda wapi?"

Kijana wetu alikuwa na ramani ya wapanda milima aliyopewa hotelini. Alikuwa anasoma majina ya barafu moja moja akiyatafuta chini. Ya Lewis akaiona: kipande cha rangi ya kijivu kimelala kwenye mwamba kama blanketi kuukuu. Ya Tyndall akaiona. Kisha akauliza kwa maiki, "Na hii ya Gregory iko wapi? Hapa imeandikwa."

Rubani akajibu, "Hiyo iliisha. Jina ndilo limebaki kwenye ramani."

Wapendwa, sikusikia alichosema baada ya hapo. Nilikumbuka Sardi. Bwana aliliambia lile kanisa kwamba lina sifa ya kuwa hai, kumbe limekufa. Nami nikajiona. Jina langu liko kwenye orodha ya wazee wa kanisa. Kila Jumatano naongoza maombi. Lakini madhabahu ya nyumbani kwangu ilikuwa imezimika karibu miaka miwili, na mtoto wa miaka minane alikuwa amelijua hilo kabla yangu.

Niliporudi nilisoma kuhusu barafu hizo, na nimejifunza mambo matatu.

1. Barafu haiishi kwa siku moja. Mmisionari Ludwig Krapf aliuona mlima huu akiwa Kitui mwaka 1849, akaandika kwamba una theluji. Wasomi wengi wa Ulaya hawakumwamini, eti theluji haiwezi kukaa kwenye ikweta. Mwishoni mwa karne hiyo mlima ulikuwa na barafu 18. Leo zimebaki chache, tena ndogo. Ile ya Lewis, kati ya mwaka 1934 na 2010, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Lakini hakuna asubuhi hata moja ambayo watu wa Naro Moru waliamka wakasema, "Leo barafu imeondoka." Mimi pia sikuamua kuacha kuomba na familia yangu. Nilichelewa kazini jioni moja. Kesho yake nilikuwa nimechoka. Halafu ikawa kawaida.

2. Barafu huisha inapokosa theluji mpya. Mimi nilidhani ni jua tu linaloyeyusha. Kumbe mto wa barafu huishi kwa kupokea: theluji huanguka, ikalaliana tabaka juu ya tabaka, ikashindiliwa mpaka ikawa barafu, kisha ikateremka polepole sana. Jua lilikuwepo siku zote, na barafu ilidumu kwa sababu ilipata theluji ya kufidia. Dunia ilipozidi joto na hali ya hewa ikabadilika, theluji ikapungua mlimani. Sasa angalia Walawi 6:12–13. Moto wa madhabahu haukutakiwa kuzimika, lakini Mungu hakusema utajiwakia wenyewe. Kuhani alipaswa kuweka kuni kila asubuhi. Ndugu, hauwezi kuishi leo kwa ujazo wa Roho Mtakatifu ulioupata kwenye kongamano la 2015.

3. Barafu chafu huyeyuka haraka zaidi. Theluji safi hurudisha mwanga wa jua. Lakini theluji mpya isipoifunika barafu, vumbi hujikusanya juu yake, inakuwa nyeusi, na kitu cheusi hunyonya joto. Ndivyo ilivyo kwetu. Tukiwa na maombi, neno la kuudhi linatua na kuteleza. Tukiwa wakavu, jambo dogo la mke au la jirani linatuchoma wiki nzima. Mke wangu anaweza kuwashuhudia juu ya hasira zangu za miaka hiyo miwili, ila nimemwomba asifanye hivyo mbele ya kanisa.

Sasa, kuhusu mlima, ripoti iliyotolewa mwaka 2021 na Shirika la Hali ya Hewa Duniani ilionya kwamba barafu yake huenda ikaisha miaka ya 2030. Hilo ni la kutuhuzunisha sisi tuliopewa kuutunza uumbaji. Lakini kuhusu nafsi, kuna neno lingine. Soma Ufunuo 3:2 polepole. Bwana hakuwaambia watu wa Sardi watupe kile kidogo walichobaki nacho. Aliwaambia waamke, wakitie nguvu kabla hakijafa. Maana yake kwake kile kipande cha kijivu bado kina thamani.

Jumatatu baada ya safari niliwaita sebuleni saa tatu usiku. Niliwaomba msamaha, mke wangu kwanza, halafu watoto. Kisha tukaomba dakika tano. Kijana alikuwa na simu mkononi, nami sikusema kitu. Wiki hiyo tulikosa siku mbili. Wiki iliyofuata tulikosa moja. Bado hatujafika, lakini jana binti yetu ndiye aliyeniita: "Baba, saa tatu imefika." Mama naye anapiga simu kutoka Naro Moru kuuliza kama tumeomba, na siwezi kumdanganya.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Ni jambo gani la kiroho ambalo bado una jina lake, lakini lenyewe liliisha? Lilianza kupungua lini?
2. Soma Walawi 6:12–13. "Kuni za kila asubuhi" nyumbani kwako ni nini hasa? Taja saa na mahali.
3. Ni nani nyumbani anayestahili kuombwa msamaha kabla hamjaanza tena?

Ombi: Bwana Yesu, unayajua matendo yetu, hata yale ambayo kanisa halioni. Tunakuletea kilichobaki, kidogo jinsi kilivyo. Tutie nguvu, na utupe neema ya kuanza leo usiku. Amina.